Ampu ipi kwa spika zako? Anza na grafu, wati ziache kwanza

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Spika zangu nyuma zimeandikwa wati 200, nichukue amplifaya ya wati ngapi?" Majibu unayajua mwenyewe, mmoja anasema chukua 200 zilingane, mwingine anasema chukua 400 ili upumue, wa tatu anasema wee usizidishe utaziunguza, mwisho aliyeuliza anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja. Kiukweli hiyo namba ya nyuma ya spika ndo yenye msaada mdogo kuliko zote. Inasema tu, tena kwa makadirio ya kiwanda, koili za ndani zinavumilia joto kiasi gani kabla hazijaungua. Spika inahitaji nini ili icheze vizuri, hilo halipo hapo kabisa.

Mimi msimamo wangu ni kwamba unaisoma spika kwanza mpaka umeielewa, ndo unaenda kutafuta ampu. Na ukiisoma, wati zinakuja mwisho.

Tuanze na sensitiviti maana hii ni nyepesi tuimalize. Hii inaonyesha, kwa desibeli, spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa volti 2.83 na kipimo kikiwa mita 1 mbele yake. Volti 2.83 kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme) ni wati 1, hapo hamna shida, ila volti hizohizo kwenye omu 4 ni wati 2, kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 90 ukiihesabu wati kwa wati inabaki 87 tu. Hakuna aliyedanganya, ndo kipimo kilivyo, ila watu wengi wanapita hapo mbio halafu wanasema spika yangu "nyepesi kuisukuma" kumbe wapi.

Sasa piga hesabu na mimi. Spika ya desibeli 87, omu 8, wewe umekaa mita 3. Kutoka mita 1 hadi 3 unapoteza kama desibeli 9.5 ingekuwa eneo la wazi, chumba kinakurudishia kidogo kwa sababu kuta zinaakisi, halafu spika ziko mbili, kwa hiyo wati 1 kwa kila spika inakupa kama 83 hivi pale kwenye kochi. Mtu anayesikiliza kistaarabu anakuwa kwenye wastani wa 78, na hiyo ni theluthi moja ya wati. Theluthi! Ila mziki hautulii kwenye wastani, ngoma ikigongwa inaruka, na rekodi ambayo haijabanwa sana inaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani wake, sasa hapo unataka 98 na wati zimeshafika kama 32. Yule anayependa mambo makubwa, wastani 85 na kilele 105, anataka karibu wati 160 kwa spika zilezile, kwenye chumba kilekile. Kila desibeli 3 wati zinazidi mara mbili, kila desibeli 10 zinazidi mara kumi, na ndo maana mtu anayehangaika kutoka ampu ya wati 100 kwenda ya 120 anahangaika bure, hiyo haifiki hata desibeli 1.

Kwa hiyo ukishajua unasikiliza kwa sauti gani na umekaa mbali kiasi gani, suala la wati limekwisha kwa robo tatu. Kinachobaki ndo kigumu, na ndo kinachofanya ampu mbili zenye wati sawa kwenye karatasi zicheze tofauti kabisa kwenye spika moja.

Impidansi, yaani huo ukinzani wa spika. Spika imeandikwa omu 8 na wewe unadhani ni 8 kila mahali. Hapana, inapanda inashuka kutegemea masafa (Hz), yaani sauti ni nzito au nyembamba kiasi gani, kwenye besi ya chini inaweza kupanda hadi 25 au 30, halafu sehemu nyingine ikaanguka mpaka 3. Ile 8 ni jina tu la kufupisha. Kuna kiwango cha kimataifa cha IEC kinachosema impidansi isianguke chini ya asilimia 80 ya namba iliyotajwa, yaani spika ya omu 8 isiende chini ya 6.4, na ya omu 4 isiende chini ya 3.2. Ila ukisoma karatasi za spika kubwa utacheka, kwa mfano spika kadhaa za mfululizo wa 800 wa Bowers & Wilkins zimeandikwa omu 8 na pembeni kwenye mabano, kima cha chini 3. Angalau hao wameweka wazi, wengine hawasemi kabisa na inabidi utafute vipimo vya watu wengine.

Na vipimo vipo. Jarida la Stereophile la Marekani limekuwa likichapisha grafu ya impidansi ya spika wanazozipima kwa miaka mingi, mstari uliokaza ni impidansi na ule wa vipandevipande ni faza, yaani volti na karenti zinapishana kiasi gani. Watu wanaangalia mstari uliokaza tu, ule wa vipandevipande wanauona pambo.

Ngoja nikuonyeshe kwa spika ya kubuni lakini ya kawaida kabisa, ile ndefu ya kusimama sakafuni, yenye wufa mbili (vile vispika vya besi) na tundu la kupumulia. Anza kushoto: kuna vilima viwili, kimoja karibu na Hz 20 na kingine karibu na Hz 60, katikati yao bonde ambalo ndo masafa ya lile tundu. Kutoka kilima cha pili mstari unaporomoka, ukifika Hz 80 uko omu 5, ukifika Hz 110 uko 3.4. Ukisoma mstari uliokaza peke yake utasema aah kima cha chini ni 3.4, ampu yangu inaweza. Sasa angalia wa vipandevipande pale Hz 80, wakati impidansi inaporomoka faza imeenda hasi digrii 45. Maana yake karenti na volti hazipandi pamoja, karenti inatangulia, kwa hiyo transista za kutolea zinalazimika kupitisha karenti kubwa wakati zenyewe bado zimebeba volti nyingi, na joto lote linabaki kwao. Keith Howard aliwahi kuandika kwenye Stereophile namna ya kukokotoa hii kitu na kuipa kifupisho, EPDR, unachukua impidansi na faza unapata namba moja ya omu inayosema transista zinateseka kiasi gani. Omu 5 yenye faza ya digrii 45 inageuka kuwa kama 1.8. Umeona sasa? Sehemu mbaya ya hiyo spika haiko kwenye 3.4, iko pale Hz 80, mahali ambapo kiki (ngoma ya mguu) na gitaa la besi wanaishi.

Na hapo ampu inafanya nini? Chukua ya wati 100 kwa omu 8. Hiyo ni volti 28.3. Volti hizohizo kwenye omu 3 zinataka ampea 9.4, kwenye kilele ampea 13, na wati zimeshakuwa 267. Ampu yenyewe haiulizwi kama inataka, ikishatoa hizo volti spika itachukua karenti yake, na kama transfoma ni ndogo au kapasita za pawa sapulai hazitoshi, volti zinaanguka palepale. Ndo maana mimi kwenye karatasi ya ampu naangalia jinsi wati zinavyoongezeka omu zikipungua. Ampu yenye 100 kwa omu 8, 190 kwa omu 4 na 340 kwa omu 2 nina imani nayo. Yenye 100 halafu 130 kwa omu 4, na kuhusu omu 2 kimya, hiyo imeshakuambia inaishia wapi. Na zile risiva za sinema zenye chaneli saba zilizoandikwa wati 100 mara 7, soma maandishi madogo, mara nyingi kipimo kimefanywa chaneli mbili tu zikiwa zinafanya kazi. Namba ya wati peke yake ni kama spidi ya mwisho iliyoandikwa kwenye dashibodi ya gari, haisemi gari itapandaje mlima ikiwa na mzigo.

Sikio linaipata vipi hiyo? Watu wanategemea ikizidiwa itakwaruza, kumbe mara nyingi haikwaruzi. Weka wimbo wenye kiki na besi la gitaa vinavyogonga pamoja, pandisha taratibu. Kwa sauti ndogo kiki ina ncha, unasikia ngozi ya ngoma halafu mwili wake. Ukipandisha, ncha inabaki ila mwili unakuwa mzito na mchelewaji, besi la gitaa linajikokota nyuma ya ngoma, halafu jambo la ajabu, sauti ya mwimbaji inakuwa ngumu, matoazi yanaanza kukera wakati wewe hujagusa chochote cha juu. Unapunguza sauti mwenyewe bila kujua kwa nini. Ukizidi kulazimisha unasikia "tik", rilei ya ulinzi imekata, kimya. Wengi wakifika hapa wanalaumu spika, eti twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) ni kali, wanaanza kununua nyaya za kulainisha.

Hapohapo niseme kuhusu ampu ndogo kuua twita, maana kuna hadithi kwamba ampu ikikata mawimbi inatoa DC (umeme usiogeuka mwelekeo) inayounguza. Sio DC. Besi ikishafika ukomo haiwezi kupanda tena, wewe unaendelea kuzungusha nobu, kinachoendelea kupanda ni sauti za juu ambazo bado zilikuwa na nafasi, ukijumlisha na takataka za masafa ya juu zinazozaliwa na huko kukata, twita inapokea wastani wa nguvu ambao haikuandaliwa. Kwa hiyo ampu kubwa unayoitumia kwa adabu ni salama kuliko ndogo unayoikamua.

Kuna spika zimekuwa mitihani kwenye historia. Apogee Scintilla ya miaka ya 80 iliweza kuendeshwa kwa omu 1, omu 1 jamani, ampu nyingi za wakati ule zilikuwa zinaiona hiyo kama shoti. Enzi hizo ndo Krell, kampuni iliyoanzishwa na Dan D'Agostino mwaka 1980, ilijijengea jina kwa ampu zinazozidisha wati mara mbili kila omu zikipungua nusu. Upande mwingine kuna Quad ESL ya Peter Walker, iliyotoka 1957, spika ya umemetuli ambayo iliendeshwa na Quad II, ampu ya valvu (zile taa za kioo) yenye wati 15 tu, na ile ukiipa ampu kubwa bila kizuizi inapiga cheche ndani. Kwa hiyo kuna spika zinazotaka karenti kubwa na kuna zinazotaka uzizuie volti, na zote mbili ni spika za watu wanaojua wanachosikiliza.

Sasa valvu, maana hapa ndo kuna utamu na ugomvi. Ampu ya transista ya kawaida ina impidansi ya kutokea (ukinzani wa ndani wa ampu yenyewe) ndogo sana, sehemu ndogo ya omu. Ampu ya valvu, hasa zile zisizo na fidbeki nyingi (sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa ndani ili ampu ijisahihishe), inaweza kuwa na omu 2 au zaidi, na hiyo inakaa mfululizo na spika yako, wanagawana volti. Pale spika ilipo omu 25 inapata asilimia 93 ya volti, pale ilipo 3.5 inapata asilimia 64. Igeuze iwe desibeli utapata tofauti ya zaidi ya 3. Yaani mstari wa sauti wa spika umeanza kufuata umbo la grafu ya impidansi, vile vilima vimekuwa besi iliyovimba, na kama impidansi inapanda katikati kwa sababu ya krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) basi na sauti ya mwimbaji inasogea mbele. Ukiweka ampu hiyohiyo kwenye spika yenye impidansi iliyonyooka husikii hayo. Kwa hiyo mtu akikuambia "valvu zina joto, zina sauti ya kibinadamu" muulize kwenye spika gani, kwa sababu nusu ya hiyo sifa ni ndoa ya hizo mbili. Mimi sina ugomvi na anayeipenda hiyo, ni ladha halali kabisa, ila ajue inatoka wapi ili akibadilisha spika asishangae imepotea.

Bob Carver, mbunifu wa ampu wa Marekani, alilionyesha hili vizuri mwaka 1985, alikaa na waandishi wa Stereophile akachukua ampu yake ya transista akairekebisha mpaka ikafanana na ampu ghali waliyoichagua wao, alikuwa anaweka spika katikati ya matokeo ya ampu mbili ili isikike tofauti yao tu, anarekebisha mpaka tofauti inakaribia kimya. Waandishi walikuja wakiamini wanaweza kuzitofautisha kirahisi, wakashindwa. Watu waligombana kweli kuhusu hiyo habari.

Kama unataka valvu ndogo, ile yenye valvu moja ya aina ya 300B kila upande yenye wati kama 8, basi spika ndo ya kuchagua kwa makini. Klipschorn ya Paul Klipsch, iliyoanza kutengenezwa 1946, iko karibu desibeli 105, hapo wati 8 ni nyingi mno. Spika ya desibeli 84 yenye omu 3 usiipeleke huko, utakuwa na mapambo yanayong'aa mekundu na mziki hamna. Na ampu ikiwa na tapu (vituo vya kufungia waya wa spika) za omu 4 na omu 8, jaribu zote mbili kwa masikio, usifuate jina lililoandikwa kwenye spika, fuata pale ambapo grafu inakaa muda mrefu kwenye besi na katikati.

Dampingi fakta, yaani omu za spika ukizigawa kwa impidansi ya kutokea ya ampu, naipitia haraka. Kiwanda kinajisifu 1000, kingine 4000. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, peke yake una kama omu 0.07, na kwa spika ya omu 8 hiyo tayari imeshaishusha hadi kama 115 hata ampu ingekuwa ya malaika. Ikiwa juu ya 50 hivi achana nayo, ikiwa 4 rudi kasome habari ya valvu hapo juu.

Klasi D, yaani ampu ambazo transista zake zinawaka na kuzima kwa kasi kubwa, watu bado wanaiogopa kwa sababu ya zamani. Za mwanzo zilikuwa na kichujio cha kutolea nje ya fidbeki, kwa hiyo sauti za juu zilibadilika kutegemea spika iliyofungwa, hilo lilikuwa tatizo la kweli. Kazi za Bruno Putzeys, kuanzia UcD hadi Ncore na baadaye Purifi, zilichukua fidbeki kutoka baada ya kichujio na ugonjwa huo ukaisha. Leo klasi D nzuri inasukuma omu 2 bila kuwa jiko. Ila angalia pawa sapulai yake, baadhi zina ulinzi wa karenti unaokata ghafla badala ya kulegea polepole, na kwenye spika ile ya Hz 80 niliyoichora hapo juu ungependa kujua mapema.

Kingine ambacho watu wa spika zenye sensitiviti kubwa wanakisahau ni mvumo. Ampu ikiwa na geini (ukuzaji) kubwa na priampu, ile ampu ya mwanzo inayoilisha, ina kelele zake, kwenye spika ya desibeli 86 husikii kitu, kwenye ya 104 unasikia "shhhh" kutoka kwenye kochi wakati mziki umesimama. Hapo tafuta ampu yenye geini ndogo, tena nobu yako itapata nafasi ya kuzunguka, sio inaanza kupiga kelele ukiwa umeizungusha kidogo tu. Na kuunganisha ampu mbili daraja ili zitoe wati nyingi kwenye spika ngumu ni kosa la wazi, kila moja inaona nusu ya impidansi, spika ya omu 4 kwao ni 2. Umeongeza wati ambazo hukuzihitaji, umepunguza uvumilivu ambao ndo uliokuwa unautafuta.

Ukishachuja ukabaki na ampu mbili au tatu, omba kuzijaribu na spika zako mwenyewe, chumbani kwako. Kabla ya kulinganisha sawazisha sauti kwa mita ya volti, sio kwa sikio, cheza toni ya majaribio ya Hz 60 au 100, gusa mita kwenye vituo vya nyuma vya spika, rekebisha nobu za ampu mpaka zitoe volti sawa kwa asilimia 1, ukiwa kwenye 2.83 basi zisiachane zaidi ya 0.03. Ukiacha desibeli moja tu ile yenye sauti kubwa itashinda kila mara na wewe utaandika insha kuhusu upana wa jukwaa. Halafu sikiliza kwa sauti ndogo, sikiliza kwa sauti yako ya kawaida, kisha panda mpaka pale unapofikaga ukiwa peke yako nyumbani na kaa hapo nusu saa, weka kiki na besi, weka kwaya kubwa, weka piano, baada ya hapo peleka mkono juu ya kifuniko usikie joto. Ampu itakayobaki ileile toka sauti ndogo hadi kubwa ndo inayoendana na spika zako. Na kama mbili zote zimebaki vilevile na huwezi kuzitofautisha, chukua ya bei ndogo, hela iliyobaki weka zulia nene na mapazia.